Pikapu ya Kubebea Keki

Walimwita Tani Thelathini, na jina hilo hakulipata kwa unene, maana mwenyewe alikuwa mkavu wa kuhesabika mbavu. Alilipata kwa kuendesha malori ya mizigo mizito miaka thelathini na mmoja, na kwa kulisema jambo hilo kila alipopata mtu wa kumsikiliza. Lori tupu kwake halikuwa lori, lilikuwa mabati yanayopiga kelele barabarani. Gari hulijui mpaka limebeba, ndivyo alivyoamini, na ukibishana naye ulikuwa unajitafutia kazi ya mchana mzima.

Alipostaafu, kampuni ilimpa saa ya ukutani, ikamshika mkono, akarudi nyumbani. Mwaka wa kwanza alipumzika. Mwaka wa pili akaanza kuingilia mambo ya jikoni, na mke wake, aliyezoea kukaa peke yake siku tano kwa wiki, akamwambia waziwazi kwamba sufuria hazihitaji msimamizi. Zamani madereva wenzake walimpigia simu kutoka njiani: mzee, injini inakoroma namna hii, nifanyeje? Sasa simu yake ililia pale tu mke wake alipokuwa akimtafutia mahali alipoisahau. Hakuna aliyemuuliza kitu tena. Jambo hilo lilimuuma sana, ingawa asingelikiri hata kwa kubanwa na mlango.

Kwa hiyo siku binti yake alipokuja, akakaa, akanywa chai yake yote, kisha akasema, "Baba, nataka kununua pikapu, nataka wewe uipime," mzee alijikaza asitabasamu. Alitazama dari kama mtu mwenye shughuli nyingi.

"Nitaangalia nafasi yangu," alisema.

Mke wake alikohoa. Kikohozi kile kilikuwa kicheko, na wote watatu walijua.

Binti yake alikuwa mwokaji wa keki. Alianza na jiko moja, sasa alikuwa na mawili makubwa, na keki zake zilitafutwa na mabibi harusi wa mitaa yote ya jirani. Tatizo lake lilikuwa njiani. Alikodi magari ya watu, akakaa nyuma amekumbatia sanduku la keki kama mtoto mgonjwa, na kila tuta la barabarani lilimpandisha roho kooni. Miezi mitatu nyuma alifika ukumbini na keki ya ghorofa mbili, ghorofa ya juu ikiwa imelala ubavu. Bibi harusi alilia, mwokaji naye akalia, na mpiga picha, kwa kukosa adabu, akawapiga picha wote wawili.

"Nataka gari la kila siku," alieleza. "Nyuma nibebe unga, sukari, mitungi ya gesi, meza. Ndani nibebe keki. Jumapili nimpeleke mama kwa dada yake asifike mgongo umekatika. Watu wananiambia kuna pikapu za siku hizi, si kubwa si ndogo, zina starehe kama gari la nyumbani. Mimi magari sijui, baba. Najua unga. Ukisema nunua, nanunua. Ukisema acha, naacha."

Neno lile la mwisho lilimwingia mzee kifuani likakaa. Ukisema nunua, nanunua. Hata usingizini alilisikia.

Alhamisi asubuhi walikwenda yadi ya magari. Muuzaji alikuwa kijana wa viatu vilivyochongoka, mwenye mdomo mwepesi, lakini alikuwa na sababu ya kuwaheshimu: keki ya harusi yake mwenyewe ilitoka kwenye jiko la mwokaji.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Liko wapi?"

Lilikuwa jeupe, la milango minne, bodi fupi ya mizigo nyuma. Muuzaji akaanza kulimwagia sifa: viti vya kuegemeza kiuno, kiyoyozi mpaka nyuma, kioo cha dashibodi kinachokuonyesha unakorudi. Tani Thelathini alimwacha aseme, yeye akalala chini kifudifudi na shati lake safi, akachungulia springi, akagonga chesisi kwa kidole, akasikiliza. Akasimama, akafungua na kufunga kila mlango mara mbili. Akakaa kwenye kiti cha dereva, akafumba macho, akanyamaza muda mrefu hadi muuzaji akamtazama binti kwa wasiwasi.

"Anasali?" alinong'ona.

"Anapima kiti," mwokaji akajibu.

Kwa heshima ya keki ile, muuzaji aliwapa gari siku mbili wakalijaribu. "Ila Jumamosi saa saba mchana nafunga," alisema. "Kuna mteja mwingine analinyemelea. Msipokuja na jibu, dada yangu, nalitoa."

Sasa, mtu mwingine yeyote angechukua gari la kubebea keki akalizungusha mtaani, akaliegesha sokoni, akampandisha mke wake. Tani Thelathini alikwenda kwanza kwa fundi wa matairi, akayajaza matairi ya nyuma upepo mpaka yakawa magumu kama mbao, maana ndivyo dereva wa mizigo anavyofanya kabla ya kupakia. Hakutumia kipimo. Alipiga tairi teke, akasikiliza mlio wake, akasema, "Ongeza," akapiga tena, akasema, "Hapo." Kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwa rafiki yake wa duka la vifaa vya ujenzi, akaazima mifuko kumi na miwili ya saruji, akaipanga kwenye bodi. Hapo ndipo roho yake ilipotulia. Gari sasa lilikuwa gari.

Alimpitia mke wake nyumbani, akamkalisha kiti cha nyuma, wakashika barabara. Walipita lami, wakapita kokoto, wakapita ile njia ya makorongo ambayo hata waendesha pikipiki huikwepa. Pikapu ilitulia tuli. Matuta ililala juu yake ikainuka polepole, kwa adabu. Usukani ulikuwa mwepesi, breki zilishika bila kushtua, na ndani kulikuwa kimya hata akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia ndani ya gari miaka thelathini na mmoja: mke wake akikoroma.

Jioni alimsomea binti yake ripoti kutoka kwenye daftari. Aliisoma amesimama.

"Kiti cha mbele, kizuri, kinashika kiuno. Cha nyuma, kizuri, mama yako ni shahidi."

"Nililala," mama alikiri.

"Kuona mbele, safi. Kuegesha, gari ni refu kidogo, utazoea. Kile kioo cha kurudi nyuma sikuamini nikageuza shingo, lakini hakisemi uongo. Mwendo wake ni godoro, mwanangu. Nunua."

Mwokaji alimkumbatia, unga wa mikononi mwake ukabaki mgongoni mwa shati la baba yake, na mzee hakuufuta mpaka alipokwenda kuoga. Alifurahi waziwazi, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Ijumaa asubuhi alirudisha saruji. Akashusha mifuko yote kumi na miwili, akamshukuru rafiki yake, akaondoka na gari tupu, akipiga mluzi. Mluzi ulikatika kwenye tuta la kwanza. Nyuma ya gari iliruka, ikatua kwa kishindo, ikaruka tena. Tuta la pili lilimgongesha kichwa kwenye paa. Alipunguza mwendo, akajaribu njia nyingine, akarudi ile ya kwanza. Ni yale yale. Gari lile lile lililomlaza mke wake jana lilikuwa leo linarusha matako kama punda aliyechokozwa.

Aliegesha pembeni, akazima injini, akabaki ameshika usukani. Alielewa mara moja alichofanya. Alilipima gari la kubeba saruji, na binti yake habebi saruji. Siku nyingi za maisha yake angekuwa na bodi tupu na keki kwenye kiti cha nyuma. Springi zile zilihitaji mzigo ili zilale, na mzigo wa mwokaji ni krimu.

Alipaswa kwenda palepale akamwambie binti yake, nilikosea, acha. Sentensi fupi tu. Alilijua hilo vizuri, lakini hakuwasha injini. Maana mara ya kwanza tangu astaafu mtu alikuwa amemuuliza kitu cha maana, na yeye alikuwa amejibu kwa kifua mbele, amesimama, na daftari mkononi. Nani angemuuliza tena baada ya hapo? Angerudi kuwa mzee wa kuhesabu sufuria. Afadhali gari liruke kidogo, alijiambia. Na katika kujiambia hivyo akili yake, ambayo ilikuwa nzuri kwa mambo mengi, ikamletea wazo baya.

Jirani alikuwa anajenga ukuta, na mchanga ulikuwa umerundikwa hadharani. Mchana ule Tani Thelathini aliomba viroba sita, akavijaza, akavilaza kwenye bodi, akavifunika kwa turubai na kulikaza kamba pande zote. Akaenda tuta la karibu, akalipita. Tuli. Akarudi nyumbani akaosha mikono mara mbili.

"Unajificha nini?" mke wake alimuuliza.

"Nani, mimi?"

Mke wake alimtazama kidogo, akaendelea na kazi zake. Miaka arobaini ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba mume wake hana uwezo wa kutunza siri zaidi ya siku moja.

Jumamosi saa tatu walipakia keki. Ilikuwa ya ghorofa tatu, nyeupe, na maua ya sukari yanayoteremka ubavuni, na mwokaji alikuwa ameamkia kazi hiyo siku mbili. Walikunja kiti cha nyuma, wakalaza bapa la mbao, wakaiweka juu yake. Pembeni wakaweka masanduku mawili madogo ya vikeki vya krimu, ambavyo mwokaji hubeba kila mara kama akiba kwa watoto wasiovumilia kusubiri. Mwokaji alishika usukani mwenyewe. Baba yake alikaa pembeni.

Walipita tuta la kwanza, mwokaji akatazama nyuma. Keki imesimama. La pili, la tatu. Kufikia la saba alikuwa ameacha kutazama, akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Walifika ukumbini, keki ikashushwa bila hata ua moja kuchomoka, na bibi harusi akaleta wenzake waione. Mwokaji alirudi garini macho yamelowa kwa furaha.

"Baba, miaka sita nabeba keki, leo ndiyo mara ya kwanza sikushika pumzi," alisema. "Masanduku ya akiba hawakuyahitaji hata, ninayo hapa. Twende yadi moja kwa moja, nikalipe kabla yule mteja hajatokea."

Tani Thelathini alijibu kitu ambacho hata yeye hakukisikia. Njiani kila sifa iliyotoka mdomoni mwa binti yake ilimchoma. Anakaa vizuri, mgongo haumuumi. Gari kimya, anasikia hata anachofikiri. Ameshapanga Jumapili ijayo wampeleke mama. Wakapita duka la dawa, wakapita shule, na kwa mbali bango la yadi likaonekana. Mzee akatazama mikono ya binti yake juu ya usukani, ina makovu madogo madogo ya moto wa jiko, akaona hawezi.

"Simamisha gari, mama," alisema.

"Unaumwa?"

"Simamisha tu."

Alisimamisha kando ya barabara. Baba yake akashuka, akazunguka nyuma, akafungua kamba moja moja, akavuta turubai. Binti akaja akasimama karibu yake, wakaviangalia viroba sita vya mchanga.

"Hivi ni vya nini?"

"Ni vya kukudanganya," alisema mzee. "Nililipima gari likiwa na saruji. Lilikuwa zuri. Nilipoishusha, likaanza kuruka. Nikaona aibu kukuambia, nikaweka mchanga ili lisiruke leo. Nimekosea mara mbili, mwanangu. Ya kwanza ni ya ujinga. Ya pili nilijua ninachofanya."

Mwokaji akabonyeza kiroba kimoja kwa kidole.

"Ningelipa, baba," alisema. "Dakika tano zijazo ningelipa. Halafu wiki ijayo ningebeba keki ya mtu, bila mchanga wako, na ingelala ubavu, na nisingejua kwa nini. Mimi nabeba krimu, baba! Lini umeniona nabeba mchanga?"

"Sijawahi kukuona."

"Basi!"

Mzee aliinua kiroba cha kwanza peke yake, kikamwelemea. Binti yake, kwa hasira zake zote, akashika upande wa pili. Mbele yao palikuwa na shimo la barabarani ambalo kila dereva wa mtaa ule alilijua na kulitukana, wakalimwagia viroba vyote sita, shimo likajaa likasawazika. Mpita njia mmoja aliwashukuru kwa kujitolea. Hawakujua wamjibu nini, wakasema asante.

Ilikuwa saa tano na nusu. Mwokaji akaketi nyuma ya usukani, akaliweka sanduku moja la akiba bapani, akasema, "Sasa nalipima mwenyewe." Walipita tuta la kwanza. Nyuma ikaruka, sanduku likaruka, na walipolifungua vikeki vyote vilikuwa vimebandika krimu yao kwenye kifuniko.

Mzee aliinamisha kichwa. "Liache," alisema. "Turudishe ufunguo."

Lakini mwokaji hakuwa mtu wa kuacha kitu kwa sababu kimeharibika mara moja. Keki ikizama katikati, hatupi jiko. Anarudia kusoma vipimo. Alishuka akalizunguka gari taratibu, akakuta stika ndogo iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mahali ambapo baba yake alikuwa amepitisha bega mara ishirini bila kuitazama. Akaisoma kama anavyosoma maelekezo ya unga mpya, mstari kwa mstari.

"Baba, hapa kuna vipimo vya upepo. Gari tupu, matairi ya nyuma thelathini na mbili. Gari lenye mzigo, arobaini na nne. Wewe uliweka ngapi?"

"Mimi sihesabu. Mimi napiga teke."

"Na baada ya kushusha saruji, ulipunguza?"

Tani Thelathini alilitazama tairi la nyuma. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kupunguza upepo wa tairi hata siku moja. Lori lilishusha mzigo likapakia mwingine, apunguze ili iweje?

Wakarudi kwa fundi wa matairi, naye akaingiza kipimo chake, akapiga mluzi. "Hamsini na tano! Mzee, hii ni pikapu au mpira wa miguu?" Akatoa upepo, gurudumu moja baada ya jingine, mpaka thelathini na mbili.

Sanduku la pili la akiba likawekwa bapani. Njia ile ile, tuta lile lile. Nyuma ya gari ilinyanyuka kidogo, ikashuka, ikatulia. Walifungua sanduku wakiwa wamebanana vichwa. Vikeki kumi na viwili, krimu yote juu yake, isipokuwa kimoja kilichoinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Mwokaji alirudia tuta lile mara tatu, akapita kokoto, akageuza gari kwenye uchochoro, akaliegesha kati ya magari mawili sokoni akatokwa jasho. Kisha akatoa maoni yake, na hakuna aliyemuuliza daftari.

"Si godoro, baba. Ulitia chumvi. Nyuma linatikisika kuliko gari dogo, hapo kwenye makorongo nitakwenda polepole. Kuliegesha ni shughuli. Ngazi yake iko juu mno kwa mama, tutaweka kibao cha kukanyagia. Lakini kiti ni kizuri kweli, ndani kimya, na keki inafika. Nalitaka."

Saa sita na dakika arobaini walikuwa mbele ya muuzaji, ambaye hakumtazama mwokaji hata kidogo. Alimgeukia mzee.

"Haya, mzee wangu, mtaalamu. Umesemaje?"

"Mimi nilikosea," alisema Tani Thelathini. "Muulize yeye. Yeye ndiye aliyelipima."

Ilimgharimu kusema hivyo mbele ya kijana wa viatu vile, na alipomaliza akaenda kukaa kwenye benchi la nje akawaacha waandikiane karatasi. Binti yake hakusema neno njiani kurudi zaidi ya kumwomba afunge dirisha. Mzee aliona ndiyo stahili yake.

Siku nne zilipita bila simu. Siku ya tano aliitwa kubeba unga, tena na mke wake, si na binti mwenyewe. Alikuwa anaingia na mfuko begani aliposikia sauti ya mteja kutoka kwenye simu iliyosimamishwa kando ya bakuli. Mwokaji alikuwa ameipa mlango mgongo, anachora maua ya krimu.

"Nasikia baba yako anajua magari," mteja alikuwa anasema. "Nami nataka kununua. Naweza kumchukua akalione?"

Mzee alisimama mlangoni na mfuko wake.

"Nikuambie ukweli, dada," alisema mwokaji, mkono wake ukiendelea kuchora. "La kwangu alikosea."

Mfuko ulimwelemea ghafla. Akafikiria kurudi nje kimya kimya.

"Alikosea, akaniambia kwa mdomo wake kabla sijalipa. Wanaojua magari ni wengi, utawapata kila kona. Wa namna hiyo mimi namjua huyu mmoja tu. Njoo kesho, nitamwambia akusubiri."

Tani Thelathini aliutua mfuko wa unga sakafuni taratibu. Binti yake aligeuka, akamwona, na wala hakushtuka.

"Muulize," mzee alisema, "muulize kila siku anabeba nini."